Pijo ya Mzee Isipakwe Rangi

Kariobangi Light Industries, kando ya barabara ya Outering, gari kuukuu huwa na miisho miwili. Huenda likapandishwa mizani ya vyuma chakavu likalipiwa kwa kilo, au likapata mtu wa kulifufua. Fundi wa kuchomelea ni yuleyule. Mkononi mwake gari hukatwa vipande au huunganishwa.

Peugeot 404, ile Pijo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, siku hizi huwa mali ya mrithi. Mzee alishatangulia, gari likabaki nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Siku mnunuzi anapopiga simu, mrithi anaona haya. Anamwita fundi: "Boss, nizibie hapa, unipigie rangi kidogo." Mnunuzi anafika na sumaku mfukoni, anaigusisha mlangoni, inadondoka. Chini ya rangi hakuna bati, ni puti tupu. Hapo bei hushuka.

Mnunuzi ana haki. Saluni ya 404 haina chesi. Bodi ndiyo mifupa. Anataka kuona kutu ilikoanzia na ilikokomea, ajue atakalolipia. Bati la sakafu halimtishi, kwani Kariobangi watamkunjia na kulichomelea. Asichoweza kukunjiwa ni grili, taa, vipande vya kromu na saa za dashibodi. Basi lile debe la skrubu na vikorokoro liende na gari, hata kama nyumbani wanaliita takataka. Na vibao vya nambari visibanduliwe: herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho, ni ushahidi kwamba gari lilisajiliwa hapa kabla ya mfululizo mpya wa nambari za KAA.

Broka wa vyuma chakavu hatakwambia hayo. Wala hatakwambia kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo meli haitaleta 404 nyingine ya kuuzwa bandarini Mombasa. Yeye anahesabu kilo. Mnunuzi wako anawaza Ngong Racecourse, kwenye mashindano ya urembo wa magari ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970.

Kinachovunja biashara zaidi ya kutu ni logibuku yenye jina la marehemu. Bila karatasi za mirathi kutoka mahakamani, NTSA, mamlaka inayosajili magari, haitahamisha umiliki, na kesi ya mirathi ya ndugu saba si ya wiki moja. Ianze sasa. Kuku watahamishwa siku lori la kuvuta litakapokuja.