Mbegu ya Kesho Hutafutwa Leo
Mwaka 2011, ugonjwa wa mahindi unaojulikana kama MLN uligunduliwa Bomet. Majani hukauka kuanzia kingoni, na magunzi hubaki na punje chache, au bila hata moja. Mbegu nyingi zilizouzwa wakati huo hazikuuhimili, na kuzalisha aina mpya huchukua miaka kadhaa. Ndiyo maana watafiti hulazimika kujiuliza mapema: mvua, wadudu na magonjwa yatakuwaje mbegu hii itakapomfikia mkulima? Tangu 2013, kituo cha KALRO na CIMMYT huko Naivasha huyaambukiza mahindi MLN makusudi, ili yateuliwe yanayostahimili. Lakini ugonjwa mpya huonekana kwanza shambani. Ukiona dalili usizozijua, mwite afisa wa kilimo wa wadi yako aikague mimea kabla hujaing'oa.