Ule Mtungi Wako wa Maji Ni Sanaa Huko Ghana

Unajua ile mitungi ya njano tunapangia laini ya maji? Huko Accra wanaiita Kufuor gallons, jina la John Kufuor, rais wa Ghana kutoka 2001 hadi 2009. Enzi zake maji ilikuwa noma, so watu wakachukua mitungi ya mafuta ya kupika iliyotoka majuu wakaanza kubebea maji. Ikizeeka, inageuka taka.

Serge Attukwei Clottey, msee wa mtaa wa Labadi, aliona kitu hapo. Anaikata vipande vidogo vya mraba, anatoboa pembeni, kisha yeye na vijana wa mtaa wanaviunga na waya wa shaba. Inatoka shuka kubwa inaning'inia kama kitambaa, na ni plastiki tupu! Style yake anaiita Afrogallonism.

Mwaka wa 2021, kwa maonyesho ya Desert X huko California, alivika michemraba mikubwa hizo shuka, watu wakumbuke safari ya kusaka maji.

Lakini kazi moto iko nyumbani. Ametandika shuka hizo kwa njia za Labadi, akaita Yellow Brick Road. Si urembo tu. Inauliza swali hata sisi tunalijua: hii ardhi ni ya nani?