Katapila Likikosa Nguvu: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Wanachama wengi wametuuliza juu ya hali ya katapila dogo la chama, lile lenye ndoo mbele na mikanda ya mpira chini. Swali lao ni la haki, kwani mtambo ule ni mali yao, nao ndio unaofungua njia za mashamba baada ya masika, kuzibua mifereji na kusawazisha viwanja vya kuanikia. Njia isipopitika, magunia hubebwa kichwani hadi barabara kuu, na karafuu mbichi iliyolala ndani ya gunia huvunda, ikapoteza rangi na bei yake.

Katapila letu ni la siku nyingi. Mwishoni mwa masika lilianza kulegea: mlima liliokuwa likiupanda na ndoo imejaa, likawa lapanda kwa taabu na ndoo tupu. Ushauri wa kwanza tulioupata ulikuwa kwamba pampu kubwa ya haidroliki imekwisha, na kwamba hapana budi kununua mpya. Bei yake ingekula sehemu kubwa ya akiba ya wanachama. Kamati ikaamua kwamba hakitanunuliwa kitu mpaka ugonjwa wenyewe ujulikane. Twaeleza hapa jinsi ulivyotafutwa, kwa sababu wanachama kadhaa wana matrekta na injini za maji za kwao, na mengi ya haya yatawafaa.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi nguvu inavyosafiri ndani ya mtambo huu. Injini ya dizeli haizungushi mikanda moja kwa moja. Huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta ya haidroliki kwa nguvu nyingi, na mafuta hayo ndiyo yanayozungusha mota mbili, moja kila upande, na kunyanyua ndoo. Kwa hivyo mtambo ukilegea, swali la kwanza ni hili: aliyechoka ni injini, au ni mafuta yanayosukumwa?

Jibu hupatikana bila ya kufungua hata nati moja. Injini ikishapata moto, na mtambo umesimama mahali tambarare pasipo mtu karibu, dereva hutia resi mpaka mwisho, kisha huikunja ndoo mpaka ikome, na kukishika kishikio kwa sekunde chache tu, kwani kukishika sana hupandisha joto la mafuta. Hapo sauti ndiyo hakimu. Injini ikizama sana, au ikataka kuzimika, injini ndiyo mgonjwa. Injini ikiendelea kulia vizuri huku mtambo hausukumi kitu, ugonjwa uko katika haidroliki.

Letu lilizama. Pampu iliyokwisha haiwezi kuielemea injini hivyo, kwa hivyo maneno ya kununua pampu yakawekwa kando.

Hatua ya pili ni kuutazama moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi na hewa ni haba: tazama filta ya hewa, na mabomba ya hewa kama yamepasuka. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na moto ni dizeli isiyoungua, au maji yaliyoingia ndani. Lakini injini ikikosa nguvu na moshi hauonekani, mara nyingi ni kwamba dizeli haifiki ya kutosha. Katapila letu halikutoa moshi.

Basi tukaifuata njia ya dizeli tangu tangini. Kofia ya tangi ilipolegezwa, hewa ilisikika ikivutwa ndani, na mtambo ukapata nguvu kwa kitambo. Tundu dogo la kupumulia lililo katika kofia lilikuwa limezibwa na udongo, na dizeli haiwezi kutoka tangini ikiwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Baadaye ulegevu ukarudi. Filta ya dizeli ilipofunguliwa, ilikuwa imejaa utelezi mweusi, na kikombe cha kutenga maji kilikuwa na maji. Katika nchi yenye unyevu kama yetu, tangi lisilojaa huchuma maji usiku, na mahali maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyofanya utelezi ule. Tangi likaoshwa, filta mbili zikabadilishwa, na mpira mmoja wa dizeli uliokuwa na ufa ukaondolewa. Siku ya pili katapila likaupanda mlima na ndoo imejaa.

Ama kama jaribio la ndoo lingeionyesha haidroliki, mambo ya kutazamwa yangekuwa haya, kwa taratibu. Kwanza kipimo cha mafuta na usafi wa filta yake. Pili joto: mafuta yakipita kiasi cha nyuzi 82 za sentigredi huharibu sili na kuwa mepesi mno, na mara nyingi sababu yake ni rejeta ya mafuta iliyozibwa na majani na vumbi. Tatu, je, mikanda yote miwili imelegea, au mmoja? Ikiwa miwili, tafuta kitu kinachoihudumia yote. Ikiwa mmoja, tafuta upande huo: jiwe lililokwama, roli iliyoganda, mkanda uliokazwa kupita kiasi, breki isiyoachia, kisha ndipo mota. Pampu huwa ya mwisho, na hupimwa kwa geji ya fundi, haikisiwi.

Twaonya juu ya jambo moja kwa mkazo. Asithubutu mtu kutafuta mvujo wa haidroliki kwa kupapasa kwa mkono. Mafuta yale hutoka kwa tundu lisiloonekana na kupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, lakini mkono huweza kukatwa. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile. Tumia kipande cha kadibodi. Wala asiingie mtu chini ya ndoo iliyonyanyuliwa kabla ya kutiwa chuma cha kuzuia mikono yake.

Kuanzia sasa kamati imeagiza mambo matatu. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, si asubuhi. Maji yatolewe katika kikombe kila siku kabla ya injini kuwashwa. Na dereva aandike daftarini saa za kazi na kila badiliko la sauti, moshi au joto, hata likiwa dogo, wala asiogope kulaumiwa, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Daftari hilo litakuwa ofisini, na kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Akiba iliyosalimika imo katika hesabu ya chama kama ilivyokuwa, na njia za mashamba zitakuwa zimefunguliwa kabla ya mavuno, inshallah.