Kenya: Jenerali China na Sheria ya Mkoloni

Miongoni mwa wapiganaji wa uhuru wa nchi jirani ya Kenya, Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, anastahili kukumbukwa kwa namna ya pekee. Mafunzo yake ya vita aliyapata kwa mkoloni mwenyewe.

Itote alizaliwa mwaka 1922 wilayani Nyeri. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko alijifunza vita vya msituni. Alijionea pia jambo ambalo wakubwa wake hawakukusudia kumfundisha, nalo ni kwamba Mzungu huogopa risasi na hufa kama mtu mwingine yeyote.

Vita vilipokwisha, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba katika ardhi ya Kenya. Koplo Itote aliambulia kazi ya kuchochea moto katika garimoshi. Mwaka 1952 aliingia msituni, akawa kamanda wa Mau Mau wa Mlima Kenya.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa, akakamatwa, na baadaye akahukumiwa kunyongwa. Alikubali kuwaandikia wenzake barua za kuwaita katika mazungumzo, naye akasalimishwa na kitanzi. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi Aprili mwaka huo huo, na wako waliomwita msaliti. Lakini ni vyepesi kumhukumu mfungwa kwa mtu ambaye hajapata kusimama chini ya kitanzi. Serikali ya kikoloni yenyewe haikumwona kuwa rafiki, kwani ilimfunga hadi mwaka 1962, na kwa muda alikuwa pamoja na Mzee Jomo Kenyatta huko Lokitaung.

Baada ya uhuru, Itote alilitumikia taifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Alifariki mwaka 1993. Hata hivyo, amri ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Kwa hiyo, mtu huyu alifundisha vijana kuipenda bendera ya Kenya huru, huku jeshi alilolipigania likiwa bado haramu kisheria.

Hapana budi basi tukiri kwamba bendera ya mkoloni hushushwa kwa usiku mmoja, lakini sheria zake huweza kuishi kuliko wale waliompiga vita.