Kocha na Kitabu cha Kanuni

Ushangiliaji ulianza Marekani kama kazi ya koo. Mwaka 1898 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alisimama mbele ya mashabiki wa mpira akawaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Leo, kwa watoto na vijana wanaoshindana, kelele ni sehemu ndogo tu. Timu hupewa dakika mbili na nusu jukwaani, na ndani ya muda huo mtoto mmoja hubebwa na wenzake hadi akasimama juu ya viganja vyao, mikono yao ikiwa imenyooka juu ya vichwa. Mwingine hurushwa hewani na kudakwa. Wengine hupiga samasoti kutoka kona hadi kona. Mchezo ulipoiacha ardhi, kanuni zake nazo zilibadilika tabia. Hoja yangu ni kwamba kocha wa watoto anawajibika kuzijua kanuni hizo yeye mwenyewe, tangu siku anapoanza kupanga onyesho, na kwamba sababu kubwa ya wajibu huo si pointi. Kocha wa soka asiyeielewa kanuni ya kuotea atanyimwa goli na kuzomewa. Kocha wa ushangiliaji asiyejua mlinzi, yaani mwenzao anayemkinga aliyebebwa asiumie akianguka, anatakiwa kusimama wapi anaweza kumvunja mtoto shingo katika mazoezi ya Jumanne jioni, wakati hakuna mwamuzi wala mtazamaji.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa kwa muda mrefu. Watafiti wa Chapel Hill, North Carolina, ambao tangu 1982 wanaandika kumbukumbu za majeraha mabaya kabisa michezoni, yaani vifo, ulemavu wa kudumu, kuvunjika shingo au fuvu, waligundua kuwa katika miongo yao ya mwanzo ushangiliaji peke yake ulibeba asilimia 65 hivi ya majeraha ya aina hiyo kwa wasichana wa sekondari. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa tamko lake mwaka 2012 kilionyesha kwamba waliofikishwa hospitalini kwa dharura waliongezeka kutoka karibu 5,000 mwaka 1980 hadi zaidi ya 26,000 mwaka 2007. Haki itendeke: tamko hilohilo lilisema kwamba majeraha kwa jumla si mengi yakilinganishwa na michezo mingine ya wasichana. Tatizo ni uzito wa yale machache. Na hapo ndipo kanuni zilipoonyesha nguvu zake. Kuna mtindo ambao wabebaji hushikana viganja na vifundo vya mikono mpaka mikono yao ikawa kama kikapu, mtoto akapanda juu yake, kisha wakamrusha juu sana. Msimu wa 2006 hadi 2007 kanuni zilipiga marufuku kuufanya mtindo huo kwenye sakafu ngumu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba majeraha mabaya yatokanayo na mtindo huo yalishuka kutoka 1.55 hadi 0.40 kwa kila washangiliaji milioni moja. Mtindo haukufutwa, na watoto hawakuambiwa wapunguze ari. Sentensi moja kitabuni iliwahamisha kutoka sakafu ngumu kwenda juu ya mikeka au nyasi. Lakini sentensi hiyo haimkingi mtoto ambaye kocha wake hajaisoma.

Sehemu kubwa ya kitabu, nakiri, inachosha. Klabu nyingi hufuata kanuni za USASF, chombo kilichoundwa mwaka 2003, nazo hugawa timu kwa umri na kwa ngazi za ujuzi. Ngazi ya kwanza huruhusu kubiringita na kujipindua kwa mikono. Ya pili huongeza kuruka kinyumenyume kwa mikono lakini hukataza samasoti. Samasoti huanza ya tatu, tena kwa mkimbio tu. Kuchanganya samasoti na mzunguko wa mwili hewani husubiri ya tano. Hereni hazivaliwi, na kuzifunika kwa plasta hakusaidii. Lakini tazama kanuni moja kwa karibu, ile ya mlinzi wa nyuma. Huyu husimama nyuma ya mtoto aliye juu, naye anaruhusiwa kushika vifundo vya miguu ya huyo mtoto au mikono ya wabebaji. Haruhusiwi kuingiza kiwiliwili chake chini ya aliyebebwa, na akiweka viganja vyote viwili chini ya nyayo za mtoto huyo, kanuni haimhesabu tena kuwa mlinzi. Huyo ni mbebaji, na timu sasa haina mlinzi. Kwa macho ya mzazi aliye jukwaani tofauti ni ya sentimita chache. Ila fikiria mtoto anapoanza kuanguka kwa nyuma: mikono iliyo chini ya nyayo imebeba uzito, haiwezi kuachia upesi ikafika kwenye kichwa na mabega, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa kukingwa kwanza. Kocha aliyekariri kwamba mlinzi lazima awepo, bila kujua viganja vyake vinakaa wapi, atampanga mtu mahali pazuri na kazi mbaya.

Wapo watakaosema kazi hii ina wenyewe: kila shindano kubwa lina waamuzi wa kanuni wanaokaa mbele na kukata pointi. Ni kweli, na wanastahili heshima. Lakini wao huliona onyesho kwa dakika mbili na nusu, baada ya watoto kulirudia kwa miezi. Tafiti za ushangiliaji zimeonyesha kwamba majeraha mengi hutokea mazoezini. Mwamuzi anapoinua kalamu, hatari imeshapita kichwani mwa mtoto mara mia kadhaa. Kuna na jambo lingine ambalo wanaotegemea waamuzi hulisahau. Kosa likigunduliwa wiki ya shindano, au asubuhi yake kwenye mazoezi ya kujipasha moto, kocha hulazimika kubadilisha onyesho papo hapo. Mtoto aliyezoea kushuka upande mmoja huambiwa ashuke upande mwingine, wadakaji nao wahame, huku muziki ukiwa uleule na hofu imepanda. Sijui wakati mbaya zaidi wa kumfundisha mtu kuanguka. Jibu hilohilo linawahusu wanaomwachia kila kitu mwalimu wa miondoko anayeajiriwa kutoka nje. Yeye hutunga kwa siku chache, hulipwa, huondoka. Mara nyingi hawajui watoto wala ngazi waliyoandikishwa. Kuupokea utunzi wake bila kuupitia kwa kanuni mkononi ni kukabidhi watoto kwa mgeni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni zenyewe hazitulii. Shule za sekondari zina kitabu cha shirikisho lao, NFHS. Klabu zina chao. Mashindano ya kimataifa yana cha ICU, muungano wa kimataifa wa ushangiliaji. Na vitabu hivi hurekebishwa mara kwa mara. Si malalamiko ya wavivu. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Connecticut, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, alikataa kuuhesabu ushangiliaji wa mashindano kuwa mchezo kamili chini ya sheria ya usawa wa jinsia vyuoni, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba timu ile haikushindana kwa kanuni za aina moja msimu mzima. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2012. Ila vurugu hiyo inauongeza wajibu wa kocha. Mahali kanuni zilipo moja, mtu anaweza kuishi kwa mazoea. Mahali zinapotofautiana, mazoea ndiyo yanayomponza. Na njia ipo: vyombo vya kanuni hupokea video ya mtindo wenye utata na kujibu kama unaruhusiwa, mradi ombi lifike mapema. Kocha hahitaji kuwa mwanasheria. Anahitaji kujua ni wapi pana shaka, na hilo halijulikani bila kusoma.

Linabaki swali ambalo wapenzi wa kanuni, mimi nikiwemo, hatupendi kulisikia: je, kinachoruhusiwa ni salama? Hapana, si lazima. Ngazi huweka dari, na timu ya watoto kumi na wanane inaweza kuwa chini ya dari ile huku wawili wao hawajawa tayari kwa hata nusu yake. Mahakama Kuu ya Wisconsin ililigusa jambo hili mwaka 2009. Msichana wa sekondari aliyekuwa akijifunza mtindo mpya mazoezini, pasipo mikeka, alianguka na kuumia kichwa. Majaji walikisoma kitabu cha kanuni za shule wakakuta kwamba hakikumwondolea kocha uhuru wa kuamua lini mikeka au mlinzi wa ziada anahitajika. Kwa hiyo wilaya ya shule haikuwajibika kisheria. Wengine huisoma hukumu hiyo kama nafuu kwa makocha. Mimi naiona vingine. Sheria ilipojitoa, uamuzi wote ulibaki kwa mtu mmoja aliyesimama kwenye ukumbi ule, na mtu huyo hawezi kupima kilicho juu ya kanuni kama hajui kanuni zinaishia wapi.

Makocha wengi wa watoto wadogo ni wazazi wanaojitolea jioni baada ya kazi, na ni rahisi kusema kuwadai haya yote ni kuwakimbiza. Huenda baadhi watakimbia. Lakini mzigo huo unaweza kugawanywa: chama kiwape mafunzo na mtihani wa ngazi wanayofundisha kabla msimu haujaanza, kilipie gharama zake, na asiyefaulu ngazi ya tatu abaki na timu za ya kwanza na ya pili, kwenye kubiringita na kuruka kinyumenyume, mpaka mwaka unaofuata.