BORITI YA CHUMA NA MZIGO WAKE

Upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, tangu Kamukunji na Gikomba hadi Kariobangi, mafundi wa jua kali hufua masanduku, huchomelea milango na kufungua injini za malori. Sifa yao si ya leo. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Ulimwenguni waliokuja kuichunguza Kenya walieleza kwamba kazi za namna hiyo zina faida kubwa kwa nchi. Lakini ipo kazi moja ambayo mikono hodari peke yake haiitoshi, nayo ni kuunda mtambo wa kuinulia mizigo.

Umbo la mtambo huo ni kama milingoti ya goli: miguu upande huu na upande ule, na boriti ya chuma iliyolala juu yake. Katikati ya boriti hutundikwa winchi ya mnyororo. Kwa kuwa mtambo wa dukani ni ghali, mafundi wengine hujiundia wao wenyewe, na boriti huichagua kwa kuitazama tu. Jicho likikosea, atakayeumia ni mtu aliye karibu na mzigo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nguvu ya boriti hutokana zaidi na kimo chake. Chukua chuma chenye upana wa sentimeta 10 na unene wa sentimeta 5. Kikisimamishwa kwa ubavu, hustahimili mzigo mara mbili kuliko kikilazwa, na kupinda kwake ni robo tu. Ndiyo sababu boriti za viwandani hufanywa kwa umbo la herufi I.

Jambo la pili ni urefu. Boriti ile ile ikirefushwa mara mbili, mzigo inaoweza kuuchukua katikati hupungua kwa nusu, na mzigo usipobadilika itapinda mara nane. Tena boriti ndefu iliyo nyembamba huweza kujipindua kwa ubavu kabla haijapinda kwenda chini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme injini pamoja na winchi ni kilo 1,000, na nafasi baina ya miguu ni meta 3. Ongeza robo kwa ajili ya mishtuko ya kuinua, zipatikane kilo 1,250. Zidisha kwa sentimeta 300, kisha ugawe kwa 4: jawabu ni 93,750. Chuma cha kawaida huanza kuharibika kikibanwa kwa kilo 2,500 hivi kwa kila sentimeta mraba. Basi ni busara kutoruhusu zaidi ya 1,000. Gawa 93,750 kwa 1,000, upate karibu 94. Hicho ndicho kipimo cha ukinzani wa boriti, nacho huandikwa katika majedwali ya vyuma kwa sentimeta za ujazo. Boriti iitwayo IPE 140 ina 77, haitoshi. IPE 160 ina karibu 109. Hiyo yafaa, hata ukihesabu uzito wake wenyewe.

Boriti nzuri haiokoi miguu mibovu. Miguu yahitaji mihimili ya mshazari isije ikaanguka kwa ubavu, hasa mtambo ukisukumwa penye mashimo huku mzigo unaning'inia. Reli kuukuu nayo si ya kuchomelewa ovyo, maana chuma chake ni kigumu na huweza kupasuka pale kilipochomelewa.

Kabla ya kazi, mtambo ujaribiwe kwa mzigo uliozidi kwa robo, uinuliwe kidogo tu juu ya ardhi, na watu wote wakae mbali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mtambo wa kuinulia uandikwe waziwazi mzigo unaoruhusiwa, na uchunguzwe na mtu aliyeidhinishwa. Fundi asiye na majedwali na amwendee mhandisi kabla hajanunua chuma. Gharama ya ushauri huo ni ndogo kuliko ya mguu uliovunjika, na kijana anayejifunza kazi chini ya boriti hiyo ana wazazi wanaomngoja nyumbani jioni.