Filamu Fupi ya Kikundi: Pangeni Mfuko Kabla ya Kuwasha Kamera

Mko wanafunzi sita, wengine wa Ukunda, wengine wa Msambweni. Hadithi mnayo: kijana wa mvuvi anayetaka kuacha bahari. Simu yenye kamera nzuri ipo. Kila mtu kasema, "Nitatuma." Wiki moja kabla ya kazi, wawili hawajatuma, aliyetuma wa kwanza anauliza pesa zake ziko wapi, na mhazini kanyamaza kwa sababu alitoa nauli yake humo humo. Filamu kama hiyo haiuawi na hadithi mbaya. Inauawa na shilingi mia tatu, na urafiki unakwenda nayo.

Tuwape mpango.

Anzeni na maji

Huku kwetu kusini, ratiba inapangwa na bahari. Saa za kupwa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Mkiahirisha kutoka Jumamosi hii hadi ijayo, saa ile ile mliyokuta maji yamepwa mtakuta yamejaa. Onyesho la kwanza ngalawa imelala mchangani, la pili inaelea! Mchango ukichelewa wiki moja, bahari haiwangoji. Waulizeni wavuvi siku za bamvua na za maji mafu, kisha wekeni tarehe ya mwisho ya kuchanga siku kumi kabla ya kupiga picha.

Ruhusa nayo ni bajeti

Upigaji filamu nchini uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Mwombeni mwalimu mlezi awasaidie kuuliza mapema kuhusu leseni. Mkitaka Kaya Kinondo, kumbukeni ule ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Huingii bila mwenyeji. Ongeeni na wazee kwanza, mjue kinachoruhusiwa kupigwa picha na kinacholipiwa.

Hesabu iandikwe

Mfano, kila mmoja akitoa shilingi 1,500, mna 9,000:

- Nauli za matatu na tuktuk: 2,400
- Chakula na maji, siku mbili: 2,700
- Kukodi maikrofoni na stendi: 1,500
- Mavazi na vifaa vya maigizo: 900
- Akiba: 1,500

Bei zenu zitakuwa tofauti, lakini akiba isikosekane. Ada za kutuma na kutoa pesa zinatoka humo, na mvua ikinyesha siku ya kazi, nauli ya kurudi siku nyingine pia inatoka humo.

Mfuko uwe na macho mawili

Mhazini awe mmoja, na mwingine awe wa kukagua. Kama mko shule, laini iwe ya mwalimu au mzazi mliyekubaliana. Pesa za filamu zisikae na pesa za mtu binafsi. Tumieni laini ambayo haina shughuli nyingine. Kila mchango ukiingia, mhazini aweke jina, kiasi na tarehe kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Asiyeweza kutoa zote aseme mapema, alete hata mia mbili kwa wiki. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kunyamaza.

Siku ya kazi

Mwenye vifaa mpeni malipo ya awali, salio baada ya kuvipokea na kuvijaribu. Lipeni kwa simu panapowezekana, kwani ujumbe wa malipo ndio risiti yenu. Kabla ya kubonyeza kutuma, someni jina linalotokea. Mkikosea, pigieni huduma kwa wateja mara moja. Msimpigie mliyemtumia mkaanza kubishana naye. Na mtu akisema katuma mchango, angalieni salio lenyewe. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kuandika.

Mambo yakiisha

Kaeni chini, someni hesabu pamoja. Kilichobaki mgawane au mkiweke kwa filamu ijayo. Zawadi nayo, mkibahatika kushinda kwenye tamasha, kubalianeni mgao sasa, kabla hamjashinda. Shilingi ambayo haijaja ni rahisi kugawa.

Nambari ya siri ya laini ya kikundi haitajwi kwenye kundi, wala haipewi anayepiga simu akidai ametoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.

Haya, kamera iwake.